Mgeni Ndani ya Simu

Msikilizaji, kama uko jikoni, usiache chungu kiungue kwa ajili yangu. Kama uko njiani, tazama bodaboda kabla ya kuvuka. Leo nataka tuzungumze habari za simu zetu, na hasa zile programu tunazozipakia humo, ambazo wengi wetu tunaziita apu. Mazungumzo yenyewe yamenijia shambani.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Muheza kwa mama. Alikuwa ameng'oa shina moja la muhogo kwa ajili ya chakula cha mchana, na alipoukata muhogo wa kwanza katikati, akaguna. Ndani, mahali panapotakiwa kuwa peupe kama nazi, palikuwa na madoa ya kahawia, makavu, magumu kama gome la mti, yameingia mpaka kwenye moyo wa muhogo. Kwa nje muhogo ule ulikuwa mzima kabisa. Ganda safi, umbo zuri; ungeuona sokoni ungeununua. Mama akakata wa pili, nao vilevile. Akaniambia, "Hebu piga picha, ukamwonyeshe bwana shamba."

Nikatoa simu, nikafungua kamera, nikabonyeza. Simu ikakataa. Ikaandika kwamba nafasi ya kuhifadhi imejaa, nifute baadhi ya vitu.

Niliumia, sitakuficha. Simu ya GB 32, nimeinunua kwa jasho langu, naitia chaji kila usiku, naiwekea bando kila wiki, halafu siku mama anaihitaji kwa jambo moja la maana haina nafasi ya picha moja. Imejaa nini?

Tukaketi kibarazani, mimi na mpwa wangu wa kidato cha tatu, tukaanza kuipekua. Mama alikuwa kando yetu na kibao cha mbuzi, anakuna nazi ya kupikia mihogo michache iliyosalimika. Mpwa wangu akamuuliza, "Bibi, sasa tufute ipi, tuache ipi?" Mama akajibu bila kuinua kichwa: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Inayolima ibaki. Isiyolima iende kwao."

Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, ila sikuwahi kuisikia ikiamua kesi ya simu. Nimekaa nayo wiki nzima, na ndiyo nitakayoitumia leo.

Sisi tulioanza na kitochi tunakumbuka kwamba zamani mgeni hakuwepo. Kitochi kilikuja na watu wake: kikokotoo, saa ya kuamsha, mchezo wa nyoka, na ile tochi iliyokipa jina. Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani, iliuzwa takriban milioni 250 duniani, na wenzetu wa Kenya simu za jamii hiyo waliziita mulika mwizi. Hukuweza kuongeza kitu wala kupunguza. Hata iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilitoka na programu za mtengenezaji peke yake. Mlango ulifunguliwa Julai 2008, Apple walipoanzisha duka lenye programu 500, na Oktoba mwaka huohuo likafuata duka la simu za Android. Tangu hapo simu imekuwa nyumba yenye mlango wazi, nasi tumekuwa wakarimu mno.

Tuliyoanza kuikagua ni ile iliyokalia nafasi kubwa kuliko zote, na huenda ni hiyohiyo kwenye simu yako: WhatsApp. Peke yake ilikuwa imeshika GB 11. Mpwa wangu akaifungua kwa ndani, akawa anasoma kwa sauti kama karani wa mnada. Maua yaliyoandikwa "asubuhi njema", mamia kwa mamia. Video moja ya mawaidha iliyotumwa na watu wanne katika makundi manne. Kadi za michango ya harusi ambazo maharusi wake sasa wana watoto wawili. Orodha za wachangiaji zilizoanza na mtu mmoja na kurudiwa kila jina jipya likiongezwa. Karibu zote sikuziomba. Zilijishusha zenyewe usiku nikiwa nimelala, na kila moja ilikula bando kabla ya kula nafasi.

Lakini ningeifutaje WhatsApp? Inalima. Mama aliishia darasa la nne, na sasa macho hayamruhusu kusoma herufi ndogo. Miaka ya mwanzo programu ile ilikuwa ya maandishi na picha, na watu kama mama walikuwa nje ya mlango. Mwaka 2013 wakaweka kile kitufe cha kipaza sauti: unakibonyeza, unasema, unakiachia, ujumbe umekwenda. Siku hizi mama hunitumia sauti alfajiri baada ya sala. Nyuma yake namsikia jogoo, namsikia mtu anafagia uani. Na katika hizo sekunde 40 najua kama magoti yamemsumbua usiku, kwa jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema "mimi mzima". Neno hilohilo lingekuja kwa maandishi, ningeliamini nikaendelea na shughuli zangu.

Basi tukaiacha, ila tukaipa masharti. Mpwa wangu aliingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data, akazima ule utaratibu wa picha na video kujipakua zenyewe. Jambo la nusu dakika, na mimi nimeitumia programu hii miaka kumi bila kulifanya. Kisha akayapanga mafaili kuanzia makubwa, tukafuta mpaka GB 8 zikawa wazi. Picha ya muhogo ikapigwa. Msikilizaji, ukinisikiliza leo ukafanya hilo moja tu, utanikumbuka bando lako litakapofika Ijumaa.

Tungeweza kuishia hapo, ila hukumu ya mama ilikuwa imeshatoka, na mpwa wangu alikuwa amepata ari. Akanionyesha programu ya mikopo, akaniuliza kama naitumia.

Hapo naomba nikae kidogo.

Niliipakua mwezi wa ada za shule, nikaogopa, nikaiacha ikalala. Kilichonitia hofu ni jirani yangu, muuza vitumbua. Siku moja nilipata ujumbe kutoka namba nisiyoijua, unamtaja yeye kwa majina yake yote matatu, kwamba ni mdaiwa sugu, anakwepa deni, nami kama mtu wake wa karibu nimwambie alipe. Mimi si ndugu yake. Namba yangu aliihifadhi kwa sababu mimi humpa oda ya vitumbua vya mwezi wa Ramadhani. Kumbe alikuwa amekopa shilingi 50,000 za mchele, nazi na mafuta, akachelewa siku mbili. Programu aliyokopea, siku alipoipakua, iliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yake, naye akabonyeza kubali, kama tunavyobonyeza sote tukiwa na shida. Ujumbe ule ulimfikia mwalimu wa mwanawe. Ulimfikia imamu. Ulimfikia mwenye duka anayemkopesha mchele, na mwanamume aliyeachana naye miaka mingi. Kesho yake hakutoka. Meza yake ilibaki imefunikwa turubai siku tatu, nami nilikuwa nikipita pale kila asubuhi nikiitazama ile turubai na kamba yake ya katani.

Mtaani mikopo ya namna hiyo inaitwa kausha damu, na aliyeibuni lugha hiyo alikuwa ameonja. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hadharani orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, ikawatahadharisha wananchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo tunayo, ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Nashukuru kwa yote mawili. Hata hivyo kuna jambo ambalo naona hatulisemi kwa sauti ya kutosha: yale majina yaliyomo kwenye simu yangu si mali yangu. Kila mmoja alinipa namba yake kwa kuniamini mimi. Ninapoiruhusu programu isome daftari lote, ninatoa amana za watu mia tatu kwa mtu nisiyemjua, ili mimi nipate elfu hamsini. Jirani yangu hakuambiwa hivyo. Aliambiwa "kubali ili uendelee".

Siku hiyo pale kibarazani programu yangu ya mikopo haikupewa jembe. Iliondoka, na kabla haijaondoka tuliingia kwenye mipangilio tukazifunga ruhusa zake zote, ambalo ni jambo linalofaa kufanywa hata kwa programu unayobaki nayo. Fungua mipangilio ya simu, nenda palipoandikwa programu, kisha ruhusa. Utaona nani anasoma majina, nani anasikiliza kipaza sauti, nani anajua ulipo saa hii. Nilikuta mchezo wa karata unaotaka kujua nilipo. Karata na mahali nilipo wapi na wapi?

Na tochi. Mimi mtu wa kitochi, nilikuwa na programu ya tochi niliyoipakua sijui lini, inayowasha taa na kuniletea tangazo kabla ya mwanga. Za aina hii zina sifa mbaya ya muda mrefu. Mwaka 2013 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilimfungulia shauri mtengenezaji wa programu moja ya tochi za simu za Android, iliyokuwa imepakuliwa mara mamilioni, kwa sababu ilikuwa ikiwapelekea watu wa matangazo habari za mahali alipo mtumiaji na utambulisho wa simu yake, bila kumweleza. Mgeni umempa taa akumulikie njia, kumbe anahesabu vyumba. Tena hatuna haja naye hata kidogo, maana tangu toleo la tano la Android, la mwaka 2014, tochi imo ndani ya simu yenyewe. Vuta pazia la juu ya skrini kwa kidole, utaiona.

Wakati tunafuta, nikagundua kwamba mfanyakazi ninayemtegemea kuliko wote hayumo hata kwenye orodha ya wageni. Huduma ya fedha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na mpaka leo mimi hutumia ileile *150*00#. Huipakui. Haili bando, haijazi simu, haina picha wala wimbo. Inapita kwenye njia ya mawasiliano ambayo simu hutumia kuzungumza na mnara, ndiyo maana mlinzi wa usiku mwenye kitochi na mfanyabiashara mwenye simu ya milioni mbili hupata menyu ileile, kwa mpangilio uleule, wakituma kwa watoto wao. Kampuni zimetoa pia programu za kupakua, nzuri, zinakuonyesha miamala ya nyuma kwa urahisi, ninayo moja. Ila siku bando limekata nami niko kituo cha mabasi Segera na mtoto ameishiwa nauli, vidole vyangu huenda vyenyewe kwenye ile nyota.

Kikokotoo kilibaki, bila mjadala. Hicho mama hukitumia kuliko mimi. Msimu wa machungwa ukifika, mnunuzi anakuja na gari kutoka Dar es Salaam, anataja bei ya tenga haraka haraka, anazidisha kwa mdomo na kutoa jumla yake. Mama humwacha amalize. Halafu huchukua simu, hupiga namba polepole, mpaka jumla itokee, kisha huigeuza skrini imtazame mnunuzi. Hasemi neno. Nimeona watu wazima wakiongeza elfu kumi papo hapo.

Ile programu ya kupwa na kujaa kwa maji niliifuta kwa heshima. Haina ubaya. Baba yangu mdogo ni mvuvi, anashusha samaki pale Deep Sea, Tanga mjini, na siku moja nilimpelekea programu hiyo nikitaka kumsaidia. Aliniuliza mwezi mwandamo una siku ngapi. Akahesabu kwenye vifundo vya vidole: mwezi mchanga na mwezi mpevu, hapo ni bamvua, maji yanajaa kweli na kupwa kweli, ukifika wa saba na wa ishirini na mbili ni maji mafu. Kisha akanitajia saa ya maji kujaa siku ile. Skrini ilitofautiana naye dakika chache. Wewe ambaye huna baba mdogo wa namna hiyo, ipakue, itakufaa. Mimi ninaye, na ningependa nimuulize yeye maadamu yupo.

Dira ya kibla imebaki kwa ajili ya safari. Hapa Tanga siihitaji, kwani sisi na Makka tumo karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, na ukielekea kaskazini umeelekea. Hilo nalo programu ndiyo iliyonifundisha. Nilikuwa nikifuata tu mihirabu ya misikiti bila kujua kwa nini inatazama upande uleule.

Halafu kuna redio. Utasema navutia kwangu, na kweli navutia kwangu. Simu nyingi za bei ya kawaida zinazouzwa huku kwetu, Tecno, Itel, Infinix, zina redio ya FM ndani. Unachomeka waya wa sikio, kwa sababu ule waya ndio antena, unafungua, unanisikia. Hakuna bando, hakuna neno la siri, hakuna anayeandika umesikiliza nini na kwa dakika ngapi. Umeme ukikatika mtaa mzima na mnara wa intaneti ukalemewa, mawimbi ya FM yanaendelea kufika. Inaniuma ninapoona simu mpya zinatolewa bila tundu la waya, maana tundu likiondoka antena imeondoka, na antena ikiondoka redio ya bure imeondoka. Unapokwenda kununua simu, pamoja na kuuliza kamera ina ukubwa gani, uliza pia kama ina tundu na kama ina FM. Muuzaji akishangaa, mwambie umetumwa na mimi.

Sasa nirudi kwenye muhogo wa mama, maana ndio uliotuleta hapa.

Ugonjwa ule una jina, michirizi kahawia, na historia yake iko jirani kabisa na kibaraza tulichokuwa tumekaa. Ukiwa Muheza ukitazama magharibi unaiona milima ya Usambara Mashariki. Huko juu, Amani, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Na mwaka 1936, wakati wa Waingereza, mtafiti aitwaye Storey, akifanya kazi hapohapo Amani, ndiye aliyeuandika ugonjwa huu kwa mara ya kwanza duniani. Karibu miaka tisini sasa, na bado unaingia shambani kwa mama kimyakimya.

Ubaya wake ni kujificha. Batobato huonekana mbali: jani linajikunja, linapata mabaka ya manjano, mtoto atakuonyesha. Michirizi kahawia huanza na umanjano mwembamba kando ya mishipa ya majani ya chini, yale yaliyokomaa, ambayo mkulima hudhani yamezeeka tu. Juu mche umenawiri, chini muhogo unaoza. Husambazwa na inzi weupe, na zaidi husambazwa na mikono yetu, pale tunapokata pingili kwenye mche mgonjwa na kumpa jirani kwa wema.

Na ndani ya simu yangu, ukurasa wa nne, nyuma ya mchezo wa karata, kulikuwa na programu iliyotengenezwa kwa ajili ya jambo hilihili. Inaitwa Nuru. Imetoka kwa PlantVillage, mradi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, unaoongozwa na David Hughes, kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, IITA. Waliifundisha kompyuta kuutambua ugonjwa kwa kuionyesha maelfu ya picha za majani, na picha za mwanzo zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Akili ile, basi, imesomea majani ya Pwani yetu. Jina wamelichukua kwenye lugha yetu. Na lililonifurahisha kuliko yote, ukishaipakua haidai intaneti: hesabu yote inafanyika ndani ya simu, katikati ya shamba, pasipo mnara.

Nilikuwa nimeipakua miaka miwili nyuma kwa ajili ya kipindi kimoja cha wakulima. Nikazungumza habari zake hapa redioni, nikaisifu, nikaisahau. Pale kibarazani ndipo nilipoielewa methali ya mama upya. Methali haimwambii mgeni ajitafutie jembe. Inamwambia mwenyeji ampe. Programu niliyokuwa nayo miaka miwili, mama akiwa na shamba la mihogo, na sikuwahi kuifungua mbele ya jani. Lile lilikuwa jembe langu la kutoa, na sikulitoa.

Tukaingia shambani watu watatu. Mpwa wangu alishika simu juu ya jani, kivuli chake kikilikinga lisiwake jua. Kwenye skrini kikatokea kisanduku kinacholifuata jani kama jicho. La kwanza ikasema zima. La pili zima. La tatu, la chini zaidi, ikasema michirizi kahawia. Mama akasogea. "Jani moja ndiyo unihukumie shamba?" Na alikuwa na haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambao mwandishi wake wa kwanza ni Latifa Mrisho, uliilinganisha Nuru na binadamu katika kutambua ugonjwa kwa kutazama majani: wakulima walipatia kati ya asilimia 18 na 31, maafisa ugani kati ya 40 na 58, Nuru asilimia 65. Ikipewa majani sita ya mche mmoja, ikapanda hadi kati ya 74 na 88. Nilimsomea mama tarakimu hizo. Ile ya wakulima haikumpendeza. "Sisi ugonjwa huu tunaujua kwa kisu," akasema, "si kwa jani." Ndiyo kwanza nikaona kwamba amelisema tatizo lote: ukishaujua kwa kisu, umeshakula hasara ya mwaka mzima.

Basi tukapima majani sita kila mche, mstari kwa mstari, miche 24. Saba ikaonyeshwa kuwa na ugonjwa. Mama akataka uthibitisho, akang'oa miwili katika ile saba. Wa kwanza ulikuwa na kahawia mpaka kwenye mkia. Wa pili ulikuwa mweupe safi, akautia kwenye beseni bila kusema kitu, nami nikaeleza nilichoelezwa na wataalamu, kwamba mara nyingine dalili ya jani na dalili ya muhogo haziendi pamoja, na mche unaweza kuwa na ugonjwa kabla muhogo haujaharibika. Alinisikiliza. Picha tukamtumia bwana shamba, naye akajibu kwa sauti: miche iliyoonekana ing'olewe, pingili zake zisipandwe wala asipewe mtu, na akija wiki ijayo atakuja na habari za mbegu ya Kiroba na nyinginezo zinazouvumilia.

Mama akaingia ndani akatoka na kanga kuukuu, iliyofifia mpaka jina lake halisomeki tena. Akaichana vipande vyembamba, akaanza kuvifunga kwenye mashina yaliyoonekana mazima, kimoja kimoja, mafundo mawili kila shina, akimwambia mjukuu wake kwamba masika yakikaribia, pingili zitakatwa kwenye shina lenye kitambaa tu, hata kama yeye mwenyewe atakuwa kitandani hawezi kutoka. Vipande 17. Mpwa wangu akarudi nyuma hatua tatu, akaipandisha simu, akampiga picha akikaza fundo la mwisho. Ikakubali.